Mshika Foleni

Kazi yake ilikuwa kukaa.

Msicheke kwanza. Wapo wanaobeba zege, wapo wanaoshona viatu, wapo wanaopiga kelele sokoni mpaka sauti inakauka. Yeye alikuwa anaamka alfajiri, ananawa uso, anavaa koti lake la kijivu lililopauka mabegani, halafu anakwenda kukaa mahali pa mtu mwingine. Kama una shughuli zako na huwezi kupoteza siku nzima mbele ya dirisha la ofisi ya maji, au benki, au hospitali, unamwambia jana yake, "Nishikie kesho." Naye anakushikia. Watu wakisogea anasogea, akiburuza makalio juu ya benchi, na akilikaribia dirisha, wewe unatokea umeshiba, umechana nywele, unanukia sabuni. Anasimama, unakaa. Unampa chochote, anapokea kwa mikono miwili, kisha anarudi mkiani kumshikia mwingine.

Walinzi wa hospitali ndio waliombandika jina la Kigingi, kwa kuwa akishachomekwa mahali hang'oki. Jua liwake, mvua inyeshe, vijana wasukumane, yeye yupo tu. Mjanja akija kujipenyeza, Kigingi anaweka kiganja juu ya benchi na kusema kwa upole, "Hapa pana mtu." Basi. Hagombani, hatukani. Na watu walimwamini, maana kweli kila mara mtu huyo alikuja.

Ila katika miaka yote hiyo ya kusema maneno hayo, hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwenyewe anaweza kuwa yeye.

Ukitaka kujua alivyofika hapo, lazima urudi nyuma kabla hajazaliwa. Kulikuwa na kaka yake. Mtoto mzuri, mcheshi, aliyeanza kusema mapema, aliyependwa na mtaa mzima. Homa ikamchukua kwa muda mfupi sana, hata kabla majirani hawajamaliza kuulizana anaumwa nini. Mama yao alinyamaza karibu mwaka mzima. Alipojifungua tena akapata mtoto wa kiume, na wote wakashukuru wakisema, "Afadhali, karudi."

Karudi! Mtoto ndiyo kwanza amefika, hajui hata mchana wala usiku, tayari anaambiwa karudi.

Akapewa jina la marehemu. Akapewa shati la marehemu, kikombe cha marehemu, na upande wa kitanda wa marehemu, ule wa ukutani. Shati lilimpwaya. Mama akimfunga vifungo alikuwa akisema, "Utalijaza tu." Naye akawa anasubiri kulijaza. Alipovunja kitu aliambiwa mwenzako asingevunja. Alipoleta alama mbaya kutoka shuleni aliambiwa mwenzako alikuwa na akili za kuzaliwa. Sasa utashindanaje na mtu aliyekufa kabla hajapata nafasi ya kufeli hata mtihani mmoja?

Mama hakuwa mkatili. Alimlisha, alimwogesha, alimkesha akiumwa. Lakini alipomtazama, macho yake yalikuwa yakipita pembeni kidogo, kama mtu anayezungumza na wewe huku anatazama mlango nyuma yako, akisubiri mwingine aingie. Mtoto anaona mambo hayo. Hawezi kuyasema, lakini anayaona. Akajifunza kukaa kimya kwenye upande ule wa ukutani, amejikunja, bila kuchukua nafasi kubwa, asije mwenyewe akarudi na kukuta pamechafuliwa.

Alipokuwa kijana alipenda. Alimpenda dada mmoja, msusi mwenye kicheko cha kusikika barabara ya pili, na wote waliona kwamba na yeye anampenda. Kisha akatokea fundi umeme mwenye pikipiki. Kigingi akampisha. Hakugombana, hakuuliza, alisogea pembeni tu, utadhani yule dada alikuwa dirisha la ofisi na zamu imefika ya mtu mwingine. Msusi alimsubiri aseme hata neno moja. Hakusema. Siku ya harusi, wageni walipojipanga kuchukua chakula, yeye ndiye aliyekuwa akiwapanga.

Basi maisha yakaenda. Mama akafariki. Kigingi akabaki akiishi na dada yake mkubwa, mjane, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Walikuwa na vyumba viwili kwenye nyumba ya uani, bomba moja wapangaji wote, kamba moja ya nguo. Dada alikuwa na jiko lake nje ya mlango na kigoda chake. Kigingi naye alikuwa na kiti, lakini mara nyingi ungekuta amesimama, amekiacha wazi, pengine mgeni atakuja.

Jicho lilianza kidogokidogo. Mwanzo alikuwa akigongana na watu upande wa kulia. "Samahani, sikukuona." Kisha akawa anaikosa ngazi ya mwisho ya mlango. Siku moja akawa anamimina chai, dada yake akapiga kelele, "We! Unamimina wapi?" Chai yote ilikuwa mezani, inatiririka hadi sakafuni, na kikombe kiko pembeni kikavu kabisa.

Walikwenda kwenye zahanati ya mtaa. Muuguzi akammulika, akakunja uso. "Hii huenda ni presha ya macho," akasema. "Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula taratibu, na ikishakula hairudishi. Mwone daktari wa macho. Anakuja hospitali kubwa mwanzo wa kila mwezi, anaona wagonjwa mpaka mchana, halafu anaondoka. Kwa hiyo uwahi."

Kigingi alicheka. Kuwahi? Yeye?

Na kweli aliwahi. Mwanzo wa mwezi, mlinzi alipofungua geti, wa kwanza kuingia alikuwa Kigingi. Akakaa kwenye kichwa cha benchi, hapo pabovu kidogo ambapo mbao imelika kwa makalio ya watu mpaka inang'aa. Akaweka mikono magotini. Alijisikia vibaya, sijui nisemeje, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kila mara alikuwa akitazama getini.

Na getini akatokea mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wake wa miaka mingi, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye watu walimwita Bosi Misumari. Alikuwa amekuja kubadilisha miwani.

"Kigingi! Aisee, Mungu hamtupi mja wake! Nilikuwa nawaza foleni hii nitaifanyaje, kumbe mtu wangu upo! Umenishikia, sio?"

Kigingi alifungua mdomo aseme hapana, leo nimekuja kwa shida yangu. Lakini miguu ilikuwa imeshasimama. Ndivyo ilivyokuwa, miguu ilisimama kabla kichwa hakijaamua.

"Karibu, bosi. Kaa."

Akaenda mkiani. Akasogea, akasogea. Alipokaribia tena, akaja mwalimu mmoja aliyezoea kushikiwa nafasi benki, akamkonyeza tu, Kigingi akampisha. Baadaye tena akaja mama mmoja aliyesema ana haraka, ameacha chungu jikoni, akampisha. Na kila alipompisha mtu, hakukaa wa pili. Alirudi mwisho kabisa, kwa sababu ndivyo kazi ilivyo: ukishampa mwenyewe nafasi yake, unaanza upya. Mchana daktari akafunga mlango, akapanda gari, akaondoka. Kigingi alibaki kwenye benchi tupu na muuza chai wa pale getini, aliyekuwa akisuuza vikombe na kumtazama.

Dada alipouliza, alisema, "Daktari hakufika."

Mwezi uliofuata alisema mashine imeharibika. Mwezi mwingine akasema waliambiwa warudi. Sijui kama alijua anadanganya. Nadhani alikuwa akiona haya, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu. Na kule kulia, dunia ilikuwa inajifunga, kama mtu anayesukuma pazia polepole ili asikuamshe.

Uongo ulikatika kwa njia ya kawaida tu. Dada alikwenda hospitali kumwona mpishi mwenzake aliyeungua mkono, akanywa chai pale getini. Muuza chai akamwambia, "Ndugu yako ana roho ya ajabu. Kila mwezi anawahi kuliko wote, na kila mwezi anaondoka bila kuonwa. Nikadhani labda anashikia watu tu. Lakini juzi nilimwona anafuta jicho, nikajiuliza."

Dada aliacha chai nusu.

Alimkuta Kigingi uani, anaanika nguo. Alikuwa akitafuta kamba kwa vidole, anaikosa, anaipapasa tena. Dada alisimama akamtazama kwa muda. Kisha akamnyang'anya shuka mkononi.

"Daktari hakufika?"

Kigingi akaipapasa kamba tena.

"Nakuuliza. Daktari hakufika?"

"Alifika."

"Mashine iliharibika?"

"Dada, kulikuwa na watu wenye shida."

"Na wewe ulikwenda kufanya nini, kuuza sura?" Sauti ilimpanda, na mpangaji mmoja aliyekuwa anachota maji akafunga bomba ili asikie vizuri. "Unapofuka! Unaelewa? Unapofuka huku umekaa mlangoni kwa daktari! Mtu akifa kwa kiu jangwani nitamlilia, lakini wewe unakufa kwa kiu umekalia kisima, nikulilieje?"

"Bosi Misumari alikuwa..."

"Misumari ana macho mabovu kwa sababu ya kuhesabu pesa zake! Yatangoja!" Kisha pumzi zikamwishia. Akakaa chini kwenye kigoda, shuka mapajani, maji yakimlowesha gauni. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Nani alikufundisha kwamba wewe hukai?"

Kigingi akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, nalo lilitoka taratibu.

"Nikikaa, nahisi kama nimekalia mahali pake."

Dada hakuuliza pake nani. Alijua. Alikuwa msichana mkubwa wakati ule wa homa. Yeye ndiye aliyeshika taa kando ya kitanda.

"Njoo hapa," akasema. "Nitazame, kwa hilo hilo jicho lako. Umewahi kunisikia nikikuita lile jina?"

Kigingi akafikiri. Mama alimwita hivyo. Baba, walimu, mtaa mzima, mpaka walinzi walipomwita Kigingi na yeye akashukuru kimoyomoyo bila kujua kwa nini. Lakini dada? Akarudi nyuma, miaka kwa miaka. Dada alimwita mdogo wangu. Akiwa na hasira, we mdogo wangu. Akimwamsha, mdogo wangu amka. Hakukumbuka hata mara moja.

"Sijawahi," dada akasema. "Mama alinichapa kwa hilo, nikakataa. Jina lile lina mwenyewe, nilimwona akifunikwa. Alikwenda na nafasi yake, hakuiacha kwa mtu. Wewe ulipozaliwa nilikufunua nikakuangalia. Hukufanana naye hata kidogo. Ulikuwa na sikio moja limekunjika, unanuna kama mzee anayedai. Nikasema, huyu ni mwingine. Huyu ni wangu." Akajifuta uso kwa shuka lenye maji. "Kosa langu ni kwamba nilisema kimoyomoyo. Ningepiga kelele."

Yule mpangaji kwenye bomba alichukua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka kwa kunyata.

Kigingi alilia siku ile. Hakulia kwa ajili ya jicho. Alimlilia yule mtoto aliyejikunja ukutani miaka yote akimlindia mtu ambaye hakuwa anakuja.

Mwanzo wa mwezi, dada alitaka kumsindikiza. Akakataa. "Ukiwepo wewe, utawafukuza wewe. Acha niende mwenyewe." Dada akamfunga vifungo vya koti, akamwambia atamfuata baada ya chakula cha wanafunzi.

Hakuwa wa kwanza. Alichelewa kidogo kwa sababu ya kutembea akipapasa, akakuta watu wameshajaa, akakaa karibu na bibi mmoja mwenye kilemba cha buluu na fimbo. Benchi lilikuwa lilelile. Wakasogea. Bibi alisimulia habari za mkwe wake asiyejua kukaanga yai, kila mtu akacheka. Walipobaki watu wachache mbele yake, akasikia ile sauti ya kengele.

"Kigingi wangu! Miwani waliyonipa naona watu wawiliwawili. Nipishe, mtu wangu, nina mzigo unashushwa dukani."

Miguu ikataka kusimama. Kweli ilitaka, misuli ilivuta. Kigingi akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye kwenye mashua inayoyumba.

"Hapa pana mtu, bosi."

Misumari akaangalia huku na huku. "Nani? Mbona simwoni? Kaacha mfuko?"

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye mtu mwenyewe. Naumwa macho."

Bosi Misumari alimtazama kana kwamba ameambiwa benchi lenyewe lina malaria. Halafu akacheka, akatia mkono mfukoni. "Haya, nimeelewa, unataka niongeze. Sema."

"Sitaki uongeze, bosi. Nataka kuonwa."

Kicheko kikafa. "Baada ya yote niliyokupa? Sawa. Sawa kabisa. Usinitafute tena, nitapata mwingine." Akaenda mkiani akinung'unika, na Kigingi akabaki kwenye benchi, akijua amempoteza mteja wake mkubwa kuliko wote, na akijisikia mwizi. Ndiyo, mwizi! Watu hudhani ukijithamini mara ya kwanza unajisikia fahari. Yeye alijisikia kana kwamba ameiba kitu na wote wamemwona.

Haukupita muda, mwanamke akaingia mbio getini amembeba mtoto, damu inachuruzika kati ya vidole vya mtoto. Waya wa uzio ulikuwa umemchoma jichoni. Benchi zima likainuka. Kigingi akasimama pia, akawasogeza watu, akafungua njia mpaka mlangoni, akagonga kwa ngumi, "Daktari, mtoto! Mtoto!" Mlango ukawameza.

Na hapo, bila kufikiri, akaanza kutembea kuelekea mkiani. Mazoea. Ukimpisha mtu unaanza upya. Alikuwa ameshapita watu kadhaa aliposikia nyuma yake kijana mmoja akiuliza, "Bibi, hapa wazi?" na bibi wa kilemba cha buluu akipiga benchi kwa kiganja.

"Wazi wapi! Hapa pana mtu. Kaenda kumpisha mtoto, anarudi."

Kigingi aligeuka. Ilimbidi ageuze kichwa chote ili aone, kwa ajili ya lile jicho. Bibi alikuwa ameweka fimbo yake juu ya mbao, pale palipokuwa na joto lake bado. Yeye aliyeshikia mji mzima, hajawahi kushikiwa na mtu.

Akarudi. Akakaa. Bibi akachukua fimbo yake na kuendelea na habari za mkwe.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, amechoka, ana damu ya yule mtoto kwenye mkono wa koti. Alimmulika jicho la kushoto, akamulika la kulia, akalirudia la kulia kwa muda mrefu.

"Ulianza lini kuona vibaya?"

"Muda kidogo."

"Sasa mbona hukuja, baba?"

"Nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Hapa. Nilikuwa hapo nje."

Daktari alimtazama bila kuelewa. Akaweka tochi chini.

"Sitakuficha. Hili la kulia limekwisha, hatuwezi kulirudisha. Hili la kushoto limeguswa, ila tumeliwahi. Nitakupa dawa ya matone, na mwezi ujao tutalifanyia upasuaji. Usikose. Ukikosa, litafuata mwenzake."

"Sitakosa," alisema. Na machozi yakatoka macho yote mawili, sawasawa, lile zima na lile lililokufa. Hilo lilimshangaza hata yeye. Hakujua kwamba jicho lisiloona bado linaweza kulia.

Dada alikuwa anamsubiri kwenye benchi la chai, bado amefunga aproni ya shule, mikono inanuka moshi. Alimtazama anavyoshuka ngazi za hospitali, anavyoitafuta ya mwisho kwa ncha ya kiatu, akaelewa.

"Lipi?"

"La kulia. Hili lingine wanasema tumeliwahi."

Dada akakunja midomo, akatikisa kichwa mara nyingi kama mtu anayehesabu kitu kisichotimia. Muuza chai akamimina kikombe, akakisogeza ukingoni mwa meza. Kulikuwa na nafasi moja tu kwenye benchi. Kigingi aliitazama, akamtazama dada yake, akamtazama mwanamume mwingine aliyekuwa anakuja kutoka getini amechoka, anaiangalia nafasi ileile.

Akakaa. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa chai yote polepole, mpaka majani ya chini.

Walipoondoka jua lilikuwa kali. Walitembea kama walivyozoea tangu utotoni, dada kushoto na yeye kulia. Hawakufika mbali, baiskeli ikampita Kigingi karibu sana upande ule asioona, akaruka, akamgonga dada yake begani. Dada akasimama. Akazunguka nyuma yake, akahamia upande wa kulia, akamshika mkono.

"Twende, mdogo wangu," akasema. "Huku nipo mimi."